Umbali Si Muda: Tufundisheje Safari ya Mwanza na Bukoba?

Miongoni mwa mada za hisabati ambazo mwalimu-mwanafunzi huzipokea kwa furaha anapopangiwa mazoezi ya kufundisha, imo mada ya mwendo, umbali na muda. Furaha hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi. Mwalimu huandika ubaoni kwamba mwendo ni umbali uliogawanywa kwa muda, huchora pembetatu yenye maneno matatu, huonyesha mifano miwili, kisha huwapa watoto maswali kumi ya gari lisilo na dereva litokalo mji A kwenda mji B. Kipindi cha dakika 40 hakijaisha, naye amekwisha maliza. Vidole vinanyoshwa, majibu ni sahihi, na mkufunzi aliyeketi nyuma ya darasa hutakiwa aandike kwamba lengo la somo limefikiwa.

Lakini mkufunzi huyo akisimama na kumuuliza mmoja wa watoto waliopata yote kumi, "Kutoka hapa shuleni hadi zahanati utatembea kwa muda gani?" aghalabu hujibiwa kwa kimya, au huambiwa saa moja kwa njia ya robo saa. Mtoto anajua kugawa, safari haijui. Na sisi tunaona kwamba kosa si la mtoto, wala si la kanuni ile, ambayo ni kweli tupu. Kosa ni kuianza mada mwishoni mwake.

Rai yetu katika makala hii ni kwamba mada ya mwendo ianze na safari moja ya kweli, baina ya mahali pawili panapojulikana kwa majina, na kwamba watoto wakae na safari hiyo kwa vipindi vitatu au vinne kabla ya kuonyeshwa kanuni. Kwa wenzetu watakaopangiwa shule za Kanda ya Ziwa tunapendekeza safari ya kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi uwanja wa ndege wa Bukoba. Wengine watatafuta ya kwao, nasi tutagusa jambo hilo mbele kidogo.

Tunajua pingamizi la kwanza litakalotolewa, kwa kuwa tumelisikia mara nyingi katika chumba cha walimu: mtoto wa kijijini hajapanda ndege, basi kwa nini tusimwambie habari za baiskeli? Baiskeli ni njema, nasi hatuitupi. Hata hivyo, viwanja viwili vya ndege vina faida ambazo baiskeli haina. Kila kiwanja ni nukta moja kwenye ramani, na ndege huenda baina ya nukta hizo karibu sawa na uzi ulionyoshwa, kwa hiyo neno "umbali" huwa na maana moja isiyobishaniwa. Tena baina ya Mwanza na Bukoba kuna njia tatu zenye mwanzo na mwisho mmoja: hewani, majini na barabarani. Mtoto wa Sengerema au Muleba huiona ndege ikipita, huliona basi, na huenda shangazi yake amesafiri kwa meli. Ni vigumu kupata mfano wenye utajiri kama huo katika kitabu cho chote cha kiada.

Tuanze na umbali. Watoto wapewe ramani, uzi na rula. Kama ramani ya ukutani ni ya skeli ya 1:2,000,000, sentimeta moja ni kilometa 20, na uzi ulionyoshwa kutoka Mwanza hadi Bukoba utapata karibu sentimeta 8 na robo tatu, yaani kama kilometa 175. Kama ramani haipo, ichorwe sakafuni kwa chaki au uani kwa kijiti. Mwalimu asiyeweza kuchora ufuko wa Ziwa Viktoria kwa dakika tano ajifunze usiku, maana zana hii haina badala yake. Kisha uzi uleule ulazwe juu ya barabara: Mwanza, Usagara, Kigongo, Busisi, Sengerema, Geita, Chato, Muleba, Bukoba, ukifuata kila kona. Hapo watoto wenyewe watapiga kelele, kwa sababu uzi hautoshi. Barabara huambaa kusini na magharibi mwa ziwa, na urefu wake ni zaidi ya kilometa 400. Umbali wa barabara ni zaidi ya mara mbili ya umbali wa ndege, na miji haikusogea hata hatua moja.

Tunamsihi mwalimu-mwanafunzi asipite hapa upesi. Katika dakika hii mtoto hugundua kwamba swali "ni mbali kiasi gani?" halina jibu mpaka aulize "kwa njia gani?" Ugunduzi huo ukikosekana, kila hesabu itakayofuata itakuwa ni mchezo wa tarakimu.

Kwa walimu wenyewe, si kwa watoto, iko njia ya kuhakikisha kile kilichopimwa kwa uzi. Uwanja wa Mwanza uko karibu na latitudo 2°27′ Kusini na longitudo 32°56′ Mashariki. Ule wa Bukoba uko karibu na 1°20′ Kusini na 31°49′ Mashariki. Toa, nawe utakuta tofauti ya dakika 67 kuelekea kaskazini na dakika 67 kuelekea magharibi. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani kilometa 1.852, na kwa kuwa tuko karibu sana na Ikweta, dakika ya longitudo nayo ina takribani urefu uo huo. Huko Ulaya ya kaskazini, kwenye latitudo ya 60°, urefu huo ungekuwa nusu tu, na hesabu hii nyepesi isingefaa. Hapa kwetu dakika 67 ni kilometa 124. Basi tunayo pembetatu-mraba yenye pande mbili zilizo sawa, kila mmoja kilometa 124, na upande wa tatu kwa kanuni ya Pithagorasi ni kilometa 175. Uzi na nyota zimekubaliana. Mwalimu aliyeifanya hesabu hii mwenyewe huingia darasani na sauti nyingine.

Sasa muda. Ndege za abiria zenye mapanga mawili zinazotumika sana katika safari fupi za nchini huweza kwenda kama kilometa 500 kwa saa zikiwa juu. Kilometa 175 kwa mwendo huo ni saa 0.35. Na papo hapo tunalikuta shimo ambalo wanafunzi wengi hutumbukia, hasa hawa wa siku hizi wenye simu ya mkononi iliyo na kikokotoo: huandika "dakika 35". Saa 0.35 si dakika 35. Ni sehemu 35 katika 100 za dakika 60, yaani dakika 21. Mfano huu una hila yake tunayoipenda. Ndege ndogo yenye panga moja, iendayo kilometa 300 kwa saa, ingehitaji dakika 35 hasa kwa umbali huohuo. Kwa hiyo mtoto aliyekosea ana jibu linalofanana na la kweli, na mwalimu anayesahihisha kwa kutazama tu atampa alama. Amwulize, "Umepataje?" Swali hilo likiulizwa kila siku, kwa aliyekosa na kwa aliyepata, halitakuwa adhabu.

Tumepata dakika 21. Lakini ratiba za ndege kwa safari ya Mwanza na Bukoba huweka kama dakika 40 hadi 50. Nani mwongo, kanuni au ratiba? Tumewaona wanachuo wakilikimbia swali hili. Mmoja atasema ratiba hukadiria tu. Mwingine atabadili mwendo wa ndege chini chini ili hesabu ikubali, na hili la pili ni baya kuliko la kwanza, kwani watoto humwona. Sisi tunasema tofauti hiyo iachwe ubaoni, iandikwe kwa tarakimu kubwa, na darasa liulizwe zimekwenda wapi dakika 20 na ushei.

Majibu yapo, na watoto wakipewa nafasi huyapata karibu yote bila kuambiwa. Ndege huondoka mahali pake pa maegesho na kutambaa taratibu hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Na ratiba huhesabu tangu inapoondoka pale pa maegesho hadi inaposimama kule iendako. Husubiri ruhusa. Hupanda, na inapopanda haiendi mwendo wake wote. Katika safari fupi kama hii haijakaa sawasawa juu ndipo huanza kushuka. Huzunguka ili itue ikiukabili upepo. Pengine kuna ndege nyingine mbele yake, pengine mawingu. Mwendo wa kilometa 500 kwa saa, ambao kitabu huuchukulia kuwa ni wa safari nzima, huwa ni wa dakika chache za katikati. Mtoto aendeshaye baiskeli analijua hilo tangu zamani: kilimani anashuka na kusukuma. Hakuwahi kuambiwa kwamba ujuzi huo ni hisabati.

Kutoka hapo ni hatua ndogo kwenda kwenye swali kubwa zaidi, la safari yote tangu mlangoni hadi mlangoni. Tuchukue msafiri aliye mjini Mwanza. Uwanja uko kaskazini mwa mji, kama kilometa 10. Tuseme anatumia dakika 30 kufika. Anafika saa moja na nusu kabla ya ndege kuondoka, kwa kuwa ndivyo abiria wanavyotakiwa wajihadhari. Ndege inachukua dakika 45. Na Bukoba, ambako uwanja uko ufukoni karibu kabisa na mji, anatumia dakika 15 kuchukua mzigo na kutoka. Jumla ni saa 3 kamili. Amekwenda kilometa 185. Wastani wake ni kilometa 62 kwa saa.

Wastani huo ni wa basi! Darasa litacheka, na kicheko hicho ni cha thamani. Kisha liulizwe: basi, kwa nini watu hulipa nauli ya ndege? Jibu haliko katika mwendo, liko katika njia. Basi liendalo kwa wastani wa kilometa 60 kwa saa lina kilometa zaidi ya 400 za kumaliza, nazo ni karibu saa 7. Wote wawili wana wastani unaokaribiana. Mmoja amefika saa 4 kabla ya mwenzake kwa sababu amekata ziwa. Na tukimbadilishia msafiri wetu ndege, tukampa ile ndogo ya kilometa 300 kwa saa badala ya kubwa ya 500, tofauti ya hewani ni dakika 14 tu katika saa 3 nzima. Wale wanaodhani kwamba kuongeza mwendo wa chombo ndiko kufupisha safari wangefaa waifanye hesabu hii, nao si watoto peke yao.

Iko sehemu moja ya njia ya barabara inayostahili kipindi chake yenyewe. Kwa miaka mingi magari yaliyotoka Mwanza kwenda Geita na Bukoba yalifika Kigongo na kungoja kivuko, au pantoni kama wasafiri walivyozoea kuita, ili kuvuka ghuba kwenda Busisi. Tuseme msafiri alitumia saa moja na nusu kungoja na kuvuka. Ghuba pale ina upana wa karibu kilometa 3. Basi mwendo wake katika sehemu hiyo ulikuwa kilometa 2 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtoto anayetumwa dukani asikotaka kwenda. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilizinduliwa. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa humaliza kilometa 3 kwa muda usiofika dakika 4. Umbali ni uleule. Muda umepungua zaidi ya mara ishirini. Hatujui mfano mwingine nchini unaoonyesha kwa uwazi kama huu kwamba umbali na muda ni vitu viwili, na kwamba serikali inapojenga daraja haiisogezi Sengerema karibu na Mwanza bali hununua muda. Watoto waliozaliwa kabla ya daraja hilo bado wamo madarasani mwetu, na wengi waliwahi kukaa kwenye foleni ile. Waulizwe kabla hawajasahau.

Tukitoka kwenye muda wa safari tunaingia kwenye muda wa saa ya ukutani, na hapa tuna neno la kuwaambia baadhi ya wakufunzi wenzetu. Wapo wanaofundisha kwamba katika somo la hisabati saa ya Kiswahili iachwe mlangoni, mtoto atumie saa ya tarakimu 24 peke yake, eti asichanganyikiwe. Sisi tunakataa. Mtoto hatoki katika saa yake kwa kukatazwa. Mama yake atamwambia ndege inatua saa 7:20 mchana, na tiketi imeandikwa 13:20. Mtu huyo mmoja ataishi na saa zote mbili maisha yake yote, na kazi ya shule ni kumjengea ngazi kati yake.

Ngazi yenyewe si ndefu. Toa 6: 13:20 ni saa 7:20 mchana. Ukitoa 6 ukapata zaidi ya 12, toa 12 tena: 21:00 hutupa 15, nayo ni saa 3 usiku. Na kama tarakimu ni ndogo mno kutolewa 6, ongeza 6: 05:15 ni saa 11:15 alfajiri. Lakini kanuni hii isitolewe kavu. Watoto wachore duara mbili, moja ndani ya nyingine, saa ya jua nje na saa ya tiketi ndani, wazikate kwa boksi la karatasi na kuzibandika. Hapo wataona kwamba saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza na tena linapokuchwa, na kwamba katika nchi iliyo karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, jambo hilo lina akili yake.

Meli ya Mwanza na Bukoba husafiri usiku, nayo hutusaidia sana hapa. Tuseme imeng'oa nanga saa 3 usiku na kutia nanga saa 12 asubuhi. Mtoto atatoa 3 katika 12 na kupata saa 9, jibu ambalo ni sahihi kwa bahati. Mwalimu asifurahi upesi. Amwambie meli imechelewa kidogo kwa kupitia Kemondo, imefika saa 1 asubuhi. Sasa mtoto atatoa 1 katika 3 na kusema safari imechukua saa 2, akiwa ametuambia kwamba kuchelewa kumeifupisha safari! Hapa ndipo mstari wa muda unapohitajika: uchorwe ubaoni kutoka saa 3 usiku, upite saa 6, ufike saa 12, uongezwe saa moja. Jumla ni saa 10. Vivyo hivyo kwa dakika: ndege iliyoondoka 13:50 ikafika 14:35 haikukaa dakika 85 njiani, ingawa 1435 toa 1350 ni 85. Mtoto ahesabu kwenda mbele, dakika 10 hadi saa kamili, kisha 35, apate 45. Duka la kijijini hurudisha chenji kwa namna hiyohiyo, na hakuna muuza duka anayekosea.

Kuhusu usiku wa manane liko jambo ambalo limewagharimu watu nauli zao. Tiketi ikiandikwa Jumapili 00:30, msomaji wa Kiswahili husema ni saa 6 na nusu usiku, siku ya Jumapili. Naye atakwenda kituoni Jumapili usiku, saa 24 nzima baada ya chombo kuondoka. Lugha yetu ina dawa ya kosa hilo: usiku wa kuamkia Jumapili. Maneno hayo manne hutaja kwa usahihi kile ambacho tarakimu pekee zimekificha. Tungependa kumwona mwanachuo anayeyaandika katika andalio lake la somo la hisabati bila kuona haya.

Hatuna budi kusema pia habari nzito. Mwalimu atakayefundisha safari hii kando ya ziwa ajue kwamba si safari tupu kwa kila mtoto. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ikiwa imekaribia kufika, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walipoteza maisha, na wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuokoa. Itatokea mtoto anyoshe kidole na kuyataja haya. Tumewahi kushuhudia mwalimu-mwanafunzi akimjibu mtoto wa namna hiyo, "Hayo si ya hisabati, keti." Tunasema ni ya hisabati, na hata yasingekuwa, mtoto angesikilizwa.

Ni ya hisabati kwa sababu maswali ya vitabu vyetu yote husifu kufika mapema. Gari la kwanza ni lile lenye mwendo mkubwa. Ndege bora ni ile yenye muda mdogo. Hakuna swali linalouliza chombo kinapaswa kungoja muda gani, au rubani abebe mafuta ya dakika ngapi zaidi ya zile za safari. Ilhali sheria za usafiri wa anga hutaka ndege ibebe mafuta ya akiba, na inapolazimu, ya kuifikisha kwenye kiwanja kingine endapo kile ilichokusudia hakifikiki. Swali la hivi lingefaa Darasa la Sita: ndege imetoka Mwanza, safari ni dakika 45, imefika juu ya Bukoba ikakuta mvua, ikazunguka dakika 20, kisha ikaamua kurudi Mwanza kwa dakika 45 nyingine. Ilihitaji mafuta ya dakika ngapi, bila kuhesabu akiba? Jibu ni 110, zaidi ya mara mbili ya kile kilichoandikwa kwenye ratiba. Mtoto aliyelifanya swali hilo hatashangaa atakapoambiwa uwanjani kwamba safari imeahirishwa, wala hatamtukana aliyemwambia.

Wapo watakaouliza haya yote yatafanyika lini, na darasa lina watoto 90, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hauulizi habari za Kigongo. Juu ya wingi wa watoto, uzi ni zana ya bei rahisi kuliko zote tulizo nazo. Makundi kumi huhitaji nyuzi kumi na ramani kumi za kuchorwa kwa mkono, na kazi hiyo ni ya jioni moja. Juu ya mtihani, tunashuhudia kwamba mtoto anayeanguka swali la mwendo huwa anajua kugawa. Ameanguka kwa kuwa hakujua dakika ziende wapi, au aligawa kile kilichotakiwa kuzidishwa, au alikubali jibu la mtu atembeaye kilometa 80 kwa saa. Hayo hayatibiwi kwa maswali kumi mengine ya mji A na mji B. Yaliyoandikwa mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kuhusu shule kutojitenga na maisha ya jamii yake hunukuliwa sana katika hotuba za mahafali, na kidogo sana katika maandalio ya masomo.

Kwa wenzetu wa mikoa mingine, safari ziko tele. Walio Pwani wana Dar es Salaam na Unguja, ambako viwanja viwili viko mbali kwa kilometa kama 73 tu, na ndege hukaa angani kama dakika 20. Basi msafiri anayetoka katikati ya jiji afanye hesabu ya mlango hadi mlango, na ailinganishe na boti ya saa 2 hivi inayoondokea mjini kabisa. Tusiwaambie matokeo. Walio Arusha wana uwanja wa Kisongo na uwanja wa Kilimanjaro, kilometa kama 50 kwa mstari ulionyoka, ambao huwapa watoto swali zuri la hukumu: kwa umbali huo ndege ingefaa kitu? Walio Tabora na Kigoma wana reli. Sharti letu ni moja, kwamba mwalimu aipime safari yake mwenyewe kwa uzi na kuuliza nyakati kwa wasafiri wenyewe, asinakili zetu.

La mwisho ni swali ambalo watoto huuliza wenyewe safari inapokwisha: "Mwalimu, na kurudi je?" Asilikwepe, kwani ndilo mlango wa wastani. Tuseme gari limekwenda kilometa 120 kwa mwendo wa 60 kwa saa, likarudi njia ileile kwa 40 kwa saa kwa sababu ya mvua. Darasa zima, na wanachuo wengi pamoja nalo, watasema wastani ni 50. Kwenda kumechukua saa 2, kurudi saa 3. Kilometa 240 kwa saa 5 ni 48. Kutakuwa na ubishi, nao hauzimwi kwa kurudia kanuni kwa sauti kubwa zaidi. Mbishi apewe chaki, achore saa tano ubaoni moja baada ya nyingine, aandike chini ya kila saa gari lilikwenda kilometa ngapi: 60, 60, 40, 40, 40. Kisha aachwe atazame.